Sakata la Clase na Ortiz wa Cleveland, na World Series ya Toronto ilivyoisha. Uzi mrefu, mwenye haraka apite

MLETA UZI

Wakuu habari za muda huu. Najua humu wengi ni watu wa Simba na Yanga, Arsenal na Man U, wanaofuatilia besiboli wanahesabika, ila hili sakata la warushaji wawili wa Cleveland Guardians limenikaa rohoni na lazima niliandike kwa Kiswahili, maana hapa Ohio nikiligusia kazini watu wanasema tu hela mbaya bwana halafu story inaishia hapo. Haijaisha. Mimi ni shabiki wa hii timu, naipenda kweli, na nilichokisoma kwenye hati ya mashtaka kimeniuma kuliko kombe lolote tulilokosa, na tumekosa mengi maana mara ya mwisho Cleveland kubeba World Series, yaani fainali ya ligi kuu ya besiboli Marekani, ilikuwa 1948.

Kwa wasioujua mchezo nitapita haraka. Mrushaji anarusha, mpigaji kasimama na gongo lake. Mpira ukipita ndani ya eneo la kupigwa na jamaa akauacha, au akapunga gongo akakosa, hiyo ni straiki, zikifika 3 katoka. Ukipita nje ya eneo na yeye katulia hajapunga, hiyo ni boli, zikifika 4 anatembea bure hadi besi ya kwanza. Mechi ina inningi 9, yaani kila timu ina zamu 9 za kupiga na zamu inaisha watu 3 wakitoka. Ranzi ndiyo pointi, mtu anazunguka besi zote hadi anarudi nyumbani kwenye sahani. Timu moja kwa mechi inarusha mipira 140 na ushee. Shikeni hiyo namba maana ndiyo wizi wenyewe unapojificha.

Sasa Emmanuel Clase ni nani. Huyu ni mtu wa Jamhuri ya Dominika, kloza wetu, yaani yule mrushaji anayeingizwa inningi ya mwisho timu ikiwa mbele kidogo ili afunge mlango. Mpira wake unaenda karibu kilomita 160 kwa saa na ukikaribia gongo unakata pembeni, wapigaji wakubwa walikuwa wanabaki kutazama tu. Mwaka 2024 alifunga mechi 47, msimu mzima wa kawaida kafungwa ranzi 5 tu za kuhesabiwa juu yake, akamaliza wa 3 kwenye tuzo ya mrushaji bora wa American League, moja ya ligi mbili ndani ya ligi kuu. Sisi tulikuwa tukimwona anatoka kule nyuma tunajua mechi imeisha. Mkataba wake miaka 5 dola milioni 20. Milioni ISHIRINI wakuu.

Julai 2025 ligi ikamsimamisha kwanza Luis Ortiz, mrushaji wetu wa kuanza mechi, ilikuwa Julai 3, halafu Julai 28 ikamsimamisha na Clase. Tukawa tunanong'ona tu, kila mtu na lake. Novemba 9, wiki moja tu baada ya World Series kuisha, waendesha mashtaka wa serikali kuu pale Brooklyn wakaweka hati hadharani. Wote wawili wamekana mashtaka na mahakama haijawatia hatiani, hilo naliweka wazi mapema ili tusije tukawahukumu humu. Nawaambia kilichoandikwa.

Hati inadai kwamba tangu Mei 2023 Clase alikuwa anawatonya wacheza kamari aina ya mpira atakaourusha, mara nyingi ule wa kwanza kabisa anapoingia. Maana Marekani siku hizi unaweza kubeti mpira mmoja mmoja, kwamba huu unaofuata utakuwa boli au straiki, utazidi kasi fulani au hautazidi. Kwahiyo jamaa wanaweka hela zao kwamba mpira wa kwanza ni boli, Clase anaingia anaubamiza chini kabisa kwenye vumbi mbele ya mpigaji, boli, jamaa wanachukua chao, mechi inaendelea, Clase anarudi kurusha vizuri na pengine tunashinda na sisi kwenye viti tunashangilia. Inadaiwa kwa mipira ya Clase peke yake wacheza kamari wamevuna dola 400,000 au zaidi. Ortiz anadaiwa kuingizwa Juni 2025, mechi mbili, ya Juni 15 na Seattle Mariners na ya Juni 27 na St. Louis Cardinals, kwa mipira yake jamaa wakavuna kama 60,000.

Na malipo? Hati inasema ile ya Juni 15 kila mmoja alipata dola 5,000, ile ya Juni 27 kila mmoja dola 7,000. Nimeisoma hiyo sehemu mara mbili tatu nikidhani nimeruka sifuri. Mtu wa mkataba wa milioni 20, na mwenzake ambaye kwa kiwango cha chini kabisa cha ligi 2025 asingelipwa chini ya dola 760,000 kwa msimu kamili, wanadaiwa kuuza jina lao kwa hela ambayo fundi magari wa hapa mtaani kwetu anaipata akijituma mwezi mmoja.

Kuna kipande kimoja kwenye hati kinaonyesha jambo lenyewe kwa karibu sana. Mei 28, 2025, tunacheza na Los Angeles Dodgers nyumbani. Jamaa wameshabeti mpira wa kwanza wa Clase utakuwa boli. Clase anarusha chini, mpigaji ni Andy Pages, na Pages anapunga! Kapunga hewa, kwahiyo mwamuzi anaita straiki, mkeka ukachanika, kama dola 4,000 zikaenda. Baada ya mechi mmoja wa wale jamaa anamtumia Clase picha ya kuchezacheza ya mtu anajinyonga kwa karatasi za chooni, na Clase anamjibu kwa picha ya mbwa mdogo mwenye huzuni. Ndiyo meseji hizo. Kloza wa timu yangu anasikitika kwa sababu mpigaji wa timu pinzani KAKOSA mpira wake. Fikirieni hapo kidogo. Kazi yake yote duniani ni wapigaji wakose.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo na naomba mnijibu kwa hoja. Watu wanasema mpira mmoja kati ya 140 haujauza mechi, na ni kweli sijaona mahali hati inaposema Guardians walipoteza mechi fulani kwa sababu hiyo. Lakini mimi nadai hii ni mbaya kuliko kuuza mechi nzima, kwa sababu mechi nzima ukiiuza lazima ushirikishe watu na lazima ionekane, ila mpira mmoja unauuza peke yako, mdakaji aliyechuchumaa mbele yako hajui, kocha hajui, na kila shabiki anaona ni mpira tu umeponyoka. Dau la mpira mmoja limetengenezwa kwa namna ambayo mtu mmoja anaweza kuamua matokeo yake kwa asilimia karibu mia. Dau la namna hiyo halikupaswa kuwepo, sio kupunguzwa, halikupaswa KUWEPO.

Na limewekwa na nani? Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa zuio la kubeti michezo 2018, majimbo yakafungua moja moja, Ohio kwetu ikaanza rasmi Januari 1, 2023. Miezi minne baadaye, Mei 2023, ndipo hati inapoanzia. Ligi yenyewe ina mikataba na kampuni za kubeti, matangazo yako ukutani uwanjani, yako kwenye runinga kila inningi ikiisha. Kesho yake baada ya hati, Novemba 10, ligi ikatangaza kwamba imekubaliana na kampuni hizo dau la mpira mmoja lisizidi dola 200 na lisiunganishwe kwenye mkeka wenye mechi nyingine. Sawa ni hatua. Lakini 200 ukigawanya kwa akaunti za washikaji 30 inarudi kuwa hela nzuri tu, na kama mtu anadaiwa kukubali 5,000 basi hata kidogo kinatosha kumnunua. Gavana wetu wa Ohio, Mike DeWine, alishataka haya madau madogo yafutwe kabisa tangu Julai na mimi kwenye hili niko naye mia kwa mia.

Naendelea na World Series chini hapo, maana navyo vimeunganika kwa namna inayouma.

MDAU

Mkuu asante kwa darasa, mimi mpira wa gongo nilikuwa najua tu ule uwanja wa Azania sekondari pale Upanga, wa Wajapani. Lakini niulize kitu, hao waliopigwa si kampuni za kubeti? Maana kwa wizi huo hela imetoka kwa kampuni imeenda kwa mcheza kamari. Hawa makampuni wanatula sisi kila wiki mikeka inachanika, wakiliwa wao siku moja sina machozi kwa kweli.

MLETA UZI

Kaka hapo naelewa hasira yako na hao makampuni mimi siwalilii hata kidogo. Kisheria ndiyo, waliolaghaiwa ni wao na mashtaka mengine ni ya rushwa kwenye michezo na kutakatisha fedha, mengine kati ya hayo yanaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 20. Ila mimi nazungumzia kingine.

Nikueleze nilivyo mimi sasa hivi. Oktoba 2024, mtoano, tunacheza na Detroit Tigers mechi ya pili, inningi ya 9, watu wawili wameshatoka, Kerry Carpenter akampiga Clase hom rani (mpira unapigwa unavuka hadi nje ya uwanja) ya ranzi 3, tukapoteza. Raundi iliyofuata na Yankees mechi ya tatu, Aaron Judge hom rani, anayefuata Giancarlo Stanton hom rani, zote kwa Clase. Mtu aliyefungwa ranzi 5 msimu mzima wa kawaida akafungwa 8 kwenye mtoano mmoja. Wakati ule nilisema kachoka, kabeba timu mwaka mzima. Nikamtetea kwa watu! Na hata leo hakuna anayemshtaki kwa mpira ule wa Carpenter, hakuna ushahidi wowote niliouona, na mimi mwenyewe naamini alichoka tu. Lakini kila nikiiona ile video macho yanaanza kuuchunguza mkono wake. Siwezi kuyazuia. Kumbukumbu zangu za miaka mitatu zimeingiwa na wadudu, hizo hazina kampuni ya bima, na hakuna mahakama itakayoniamulia kwamba mpira huu ulikuwa wa kweli na huu hapana. Hicho ndicho kilichoibwa kaka.

Halafu wenzake. Ile mechi ya Juni 27 na Cardinals ilikuwa ndani ya kipindi ambacho Guardians wanapoteza mechi 10 mfululizo, mchezaji wetu José Ramírez anajirusha chini kuokota mipira mpaka jezi inakuwa rangi ya udongo, na kwa mujibu wa hati kuna mtu kwenye benchi hilo hilo anasubiri 7,000 yake.

MDAU WA NAIROBI

Boss mimi niko Nairobi na hizi vitu tumezizoea, huku wasee wanabet mpaka corner ya kwanza na nani atapigwa yellow. Kwani hii ya Clase iko na tofauti gani na ile ya Paquetá akiwa West Ham? Si alisemekana alitafuta kadi makusudi na mwisho akasafishwa? Labda na hawa watasafishwa, msiwazike mapema.

MLETA UZI

Ni kweli kabisa ndugu, Paquetá alishtakiwa na FA 2024 kwa kadi 4 za njano na 2025 wakamkuta hana kosa kwa hizo kadi, na kwa muda wote ule jamaa alikuwa anaishi na jina hilo mgongoni. Ndiyo maana nasema madai, madai, madai. Wakishinda kesi nitakuja hapa hapa niandike kwa herufi kubwa.

Lakini angalia mfanano wake, kadi ya njano, kona ya kwanza, boli ya kwanza, vyote ni vitu ambavyo mtu mmoja anavifanya peke yake na timu yake haifungwi. Ukifungua dau la namna hiyo umemfungulia mlango kila mwenye shida na kila mwenye binamu mwenye tamaa. Na vijana wengi wa besiboli wanatoka Dominika kwenye familia ngumu, wamesaini wakiwa na miaka 16, ukoo mzima unamtegemea, simu haikati. Simtetei mtu, naeleza tu wanaowanunua wanaanzia wapi.

Na ligi ilikuwa imeshaonywa. Juni 2024 ilimfungia maisha Tucupita Marcano kwa kubeti besiboli mara 387, dola zaidi ya 150,000, nyingine kwenye mechi za timu yake mwenyewe Pittsburgh. Siku hiyo hiyo wengine wanne wakafungiwa mwaka mmoja, mmoja wao Michael Kelly madau yake yote yakijumlishwa hayafiki hata dola 100. Kabla ya hapo 1919 Chicago White Sox wachezaji 8 wa sakata la kuuza World Series, mahakama iliwaachia 1921 lakini ligi ikawafungia maisha. Pete Rose, mtu wa hiti 4,256 (kupiga mpira na kufika besi salama), hakuna aliyemfikia mpaka leo, 1989 nje kwa kubeti, akafa Septemba 2024 bado yuko nje, jina likaja kutolewa kwenye orodha ya waliofungiwa Mei 2025 akiwa kaburini. Ukali kwa mchezaji upo miaka mia. Mlango wa kubeti ndio uliofunguliwa juzi.

MDAU SHABIKI WA DODGERS

Tuambie na World Series basi, maana naona unaikwepa 😀 Back to back! Na Ohtani wetu je, si na yeye alikuwa na kashfa ya kamari?

MLETA UZI

Siikwepi mkuu, hongereni na mmestahili. Ohtani tumwache, mkalimani wake Ippei Mizuhara ndiye aliyemwibia karibu dola milioni 17 akalipia madeni yake ya kamari, kafukuzwa Machi 2024, kahukumiwa miezi 57 jela, na waendesha mashtaka wenyewe walisema Ohtani ni mwathirika. Suala hilo lina majibu yake tayari.

Sasa World Series. Kwanza jueni kwa nini mtu wa Cleveland alikuwa anaishangilia Toronto Blue Jays. Sisi tulitolewa mapema, na wenzangu hili linastahili kusemwa: Julai 8 tulikuwa nyuma ya Tigers kwa mechi 15 na nusu, hakuna timu iliyowahi kurudi kutoka umbali huo kwenye kundi lake, tukarudi, bila Ortiz, bila Clase, Cade Smith akichukua kazi ya kufunga, tukabeba kundi siku ya mwisho ya msimu kwa ushindi wa 88. Tigers hao hao wakatutoa kwenye raundi ya kwanza, 2-1 mechi ya kwanza mrushaji wao Tarik Skubal katoa watu 14 kwa straiki, tukashinda ya pili 6-1, ya tatu wakatupiga 6-3. Basi macho yakaenda Toronto kwa sababu Toronto imejaa watoto wetu wa zamani. Ernie Clement, wetu. Myles Straw, wetu. Shane Bieber, wetu, tumemwuza Julai 31. Na Andrés Giménez.

Giménez nakaa hapa kidogo. Huyu alikuwa mlinzi wetu wa besi ya pili, glovu ya dhahabu (tuzo ya udakaji bora) 2022, 2023, 2024, mtu anaokota mipira ambayo wewe umeshaihesabu imepita. Desemba 2024 timu ikamtuma Toronto ili kukwepa mkataba wake mkubwa, ikapokea Spencer Horwitz, na siku hiyo hiyo ikamgeuza Horwitz ikampeleka Pittsburgh. Pittsburgh wakatupa nani? Luis Ortiz. Yaani kwa hesabu ya mwisho tulimtoa Giménez tukamchukua Ortiz pamoja na madogo wengine. Oktoba nzima nikawa namwangalia Giménez akiwa shotstopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) wa Toronto hadi World Series, na yule tuliyempata badala yake yuko nyumbani anachunguzwa. Hakuna aliyeweza kujua, sililaumu benchi la ufundi. Lakini ilichoma.

Sasa fainali, Toronto na Dodgers. Mechi yenyewe ya kwanza Toronto 11-4, inningi ya 6 ranzi 9, Addison Barger akaingia kama mpigaji wa akiba akapiga hom rani besi zote zimejaa, haijawahi kutokea kwenye World Series. Ya pili mrushaji wa Dodgers Yamamoto karusha mechi nzima peke yake, Dodgers 5-1. Ya tatu inningi 18, saa 6 na dakika 39, Ohtani kafika besi mara 9, ikabidi wawe wanampa besi ya bure makusudi, mwisho Freddie Freeman wa Dodgers kaimaliza kwa hom rani 6-5. Hiyo kwa saa za Afrika Mashariki iliisha saa 4 kasoro asubuhi, aliyekuwa huko na kuiangalia yote namvulia kofia. Ya nne Toronto 6-2, ya tano Toronto 6-1 na yule dogo Trey Yesavage kawatoa watu 12 kwa straiki, rekodi ya mchezaji mgeni. Ya sita Dodgers 3-1.

Ya saba, Novemba 1. Bo Bichette wa Toronto anampiga Ohtani hom rani ya ranzi 3, uwanja unataka kuanguka. Inningi ya 9 Toronto mbele 4-3, wamebakiza kutoa watu wawili tu, kombe la kwanza tangu 1993, na Miguel Rojas wa Dodgers, miaka 36, mtu anayetegemewa kwa kudaka na sio kupiga, anapiga hom rani. 4-4.

Zamu ya Toronto, nusu ya chini ya 9. Besi zimejaa, mtu mmoja katoka. Wanahitaji ranzi MOJA. Besi ya tatu yuko Isiah Kiner-Falefa. Daulton Varsho anapiga mpira wa chini kwenda kwa Rojas, huyo huyo Rojas, anayumba, nusura adondoke, anarusha nyumbani kwa mdakaji Will Smith. Smith mguu unaacha sahani kwa nukta moja kisha anaukanyagisha tena. Kiner-Falefa anaserereka. Katoka! Wakarudia video, katoka kweli, kwa inchi. Watu wakamtukana Kiner-Falefa kwa kusimama karibu mno na besi yake, lakini jamaa alieleza kwamba waliambiwa wasisogee mbali ili mpira ukipigwa moja kwa moja hewani ukadakwa wasinaswe nje. Alifuata maagizo. Hatua mbili zaidi Toronto ni mabingwa.

Anayefuata, Clement, anapiga mbali kushoto katikati, na nani anatoka mbio anamparamia mwenzake Kiké Hernández hadi anamwangusha na bado anaudaka? Andy Pages. Ndiyo, yule yule aliyepunga ule mpira wa Mei 28. Dakika chache tu tangu aingizwe uwanjani. Wakati huo hati ilikuwa haijatoka, niliposoma jina lake wiki moja baadaye nilisimama nikazunguka chumba.

Inningi ya 11 Will Smith anampiga hom rani Bieber wetu, 5-4. Yamamoto ambaye jana yake alirusha mipira 96 anarudi tena anarusha mingine 34, anaimaliza, Kirk wa Toronto anapiga kwa Mookie Betts wa Dodgers, wawili wanatoka kwa mpigo mmoja. Kwisha. Ushindi wa 3 kwa Yamamoto, mchezaji bora wa fainali, na timu ya kwanza kutetea kombe tangu Yankees wa 1998 hadi 2000.

MDAU

Mkuu umeiandika mpaka nimeenda kuitafuta YouTube. Sasa kwa hizo drama zote za mechi ya 7, wewe bado una imani na huu mchezo? Usije ukaambiwa na hiyo nayo ilipangwa.

MLETA UZI

Nina imani, na nitakwambia kwa nini. Mtu aliyekwishauza hapandi mlimani (kile kilima cha kurushia) siku ya pili mfululizo na bega limechoka. Pages hamparamii mwenzake hivyo kwa ajili ya mkeka wa mtu. Hayo yote niliyoyaona Novemba 1 nayaamini kwa macho yangu, na ndiyo sababu nina hasira kiasi hiki na lile dau la mpira mmoja, maana linampa kila mtu kisingizio cha kusema hata ile ilipangwa, kama ulivyosema wewe hapo, na wewe hata huna ubaya.

Mimi nimeshaandika barua pepe kwa tume ya kamari ya jimbo kuomba wafute hayo madau moja kwa moja, nimeandika kwa Kiingereza kifupi tu kueleza niliyoyaeleza humu. Kuna Wakongo kibao hapa Ohio wanaotizama Guardians na watoto wao wanacheza ligi za mtaani, nimewaomba nao waandike. Walioko majimbo mengine kila jimbo lina tume yake, tafuteni.

MDAU WA KAMPALA

Ssebo hapa Uganda watoto wetu wawili walisainiwa na Dodgers 2022, tukapiga makelele mtaa mzima. Mimi nafundisha vijana besiboli hapa. Hii story nitawaeleza wote kesho kabla ya mazoezi, hasa ile ya dola elfu tano.

MLETA UZI

Waeleze kaka, na ile meseji ya mbwa mwenye huzuni waeleze pia, hiyo wataielewa haraka kuliko vifungu vya sheria. Kesi ikianza kusikilizwa nitafungua uzi mwingine, huu uendelee kwa wenye maswali ya World Series. Aliyeuliza inbox kuhusu ile mechi ya inningi 18, kwa nini Toronto walimpa Ohtani besi bure mara 4 makusudi, jibu ni kwamba mizunguko minne ya kwanza alishapiga hom rani 2 na dabo 2 (za kufika besi ya pili), kocha wao John Schneider akaona bora amsukume besi ya kwanza apambane na anayefuata. Mimi ningefanya hivyo hivyo.